Hii FC Amsterdam iliyomfunga Inter kwao San Siro iliishia wapi?

Kijana wa Keko

Wakuu, habari za jioni. Wazee wa soka la zamani njooni hapa, kuna jambo limeleta zogo kijiweni kwetu Keko mpaka muuza kahawa akatuomba tukabishanie kwingine.

Tulikuwa tunahesabu miji yenye timu kubwa mbili. Milan mbili, Madrid mbili, Manchester mbili, Dar mbili na Azam anagonga mlango. Jamaa mmoja akasema Amsterdam ni Ajax tu, tangu dunia iumbwe. Mimi nikafungua simu, nikamwonyesha matokeo ya Kombe la UEFA msimu wa 1974/75: Inter 1, FC Amsterdam 2. Tena Milan kwenyewe. Akang'ang'ania kwamba hiyo ni Ajax, aliyeandika kakosea jina. Tumewekeana supu ya kongoro na chapati mbili.

Sasa nauliza: hii ilikuwa timu gani, ilitoka wapi, na ilikufaje? Timu inayomfunga Inter kwao haipotei hivi hivi kama haina mkono wa mtu.

Na siulizi kwa ajili ya supu peke yake. Mtaani kwetu timu mbili za mchangani zinataka kuungana ili ziingie ligi ya wilaya zikiwa na nguvu. Mimi ni katibu msaidizi wa mojawapo. Nimesoma juu juu kwamba hiyo FC Amsterdam nayo ilikuwa muungano. Mwenye kujua anieleze taratibu, nina kikao.

Mtoto wa Buguruni

Mwambie huyo jamaa aanze kuloweka kongoro leo usiku. Timu ilikuwepo, na si Ajax. Ushahidi wangu ni mtu mmoja: Jan Jongbloed.

Ni yule kipa wa Uholanzi kwenye Kombe la Dunia 1974, mwenye namba 8 mgongoni. Wengi wanadhani zilikuwa mbwembwe. Mwaka ule Waholanzi waligawa jezi kwa kufuata alfabeti ya majina, ndiyo maana straika Ruud Geels akapewa 1 na kipa akaangukia 8. Aliyeachiwa namba yake ni Cruyff tu, 14. Sasa tafuta orodha ya kikosi kile uone mbele ya jina la Jongbloed kumeandikwa klabu gani. Hakuna Ajax hapo, hakuna Feyenoord. Ni FC Amsterdam. Na ndiye aliyekaa golini fainali ya Munich, walipolala 2-1 kwa Ujerumani Magharibi.

Alikuwa na miaka 33, na kabla ya mwaka huo alikuwa ameichezea timu ya taifa mara moja tu, 1962, tena kwa dakika chache akitokea benchi. Nje ya uwanja alikuwa na duka la sigara, na mapumziko yake ni kwenda kuvua samaki. Kocha Rinus Michels alimtaka kwa sababu alikuwa hakai kwenye mstari, anatoka mpaka nje ya boksi kusafisha. Leo kipa akijua kutumia miguu anasifiwa utadhani kaanzisha yeye.

Historia ya klabu yenyewe mwachieni Baharia. Najua yumo humu, anasoma kimya kimya.

Binti Msimbazi

Dar mbili? Dar ni moja na ofisi yake iko Msimbazi. Endeleeni.

Baharia wa Kigamboni

Nipo. Kijana hujaniamkia, lakini marahaba.

Miaka ya 1980 nilikuwa natafuta riziki baharini, meli za mizigo, kutoka Afrika Magharibi kwenda Ulaya. Tulikuwa tunapeleka kakao Amsterdam. Kwa kakao ile ndiyo bandari kubwa kuliko zote duniani, na magunia yakishaanza kushushwa, harufu inaingia kwenye shati na haitoki mpaka uko bandari nyingine. Wenzangu wakipewa ruhusa wanakimbilia kwenye taa za mjini. Mimi ugonjwa wangu ni mpira. Ndiyo nikajuana na wazee wawili wapakuaji, mmoja mrefu, mmoja kibonge. Zamu moja, benchi moja la kulia mkate, ila ukitaja mpira hawasikilizani. Mrefu alikuwa mtu wa DWS. Kibonge alikuwa mtu wa Blauw-Wit. Hiyo FC Amsterdam unayoiuliza ni mtoto aliyezaliwa na hizo mbili, na kila mmoja wao alikuwa anasema mtoto si wake.

Ngoja nianzie mbali, maana ukianzia San Siro hutaelewa kifo.

Ajax ilianzishwa 1900, Blauw-Wit 1902, DWS 1907, na ng'ambo ya maji, upande wa kaskazini, De Volewijckers mwaka 1920. Kwenda huko unapanda kivuko kinachoondokea nyuma ya stesheni kuu ya treni. Mimi mtu wa Kigamboni nikishapanda najiona niko Magogoni kabisa, tofauti ni kwamba hakuna anayekudai nauli. Hao De Volewijckers usiwadharau, walikuwa mabingwa wa Uholanzi 1944, nchi ikiwa chini ya jeshi la Wajerumani. Blauw-Wit nao walijiona wenye mji, kwa sababu nyumbani kwao palikuwa Uwanja wa Olimpiki, ule uliojengwa kwa michezo ya 1928, wenye mnara ulikowashwa moto wa Olimpiki kwa mara ya kwanza katika michezo ya zama hizi. Uwanja huohuo ndio Eusébio, mtoto wa Lourenço Marques (Maputo ya leo) hapo jirani, alikoifunga Real Madrid mabao mawili kwenye fainali ya Ulaya ya 1962. Benfica 5, Madrid 3. Hili halihusiani na swali, lakini siwezi kupita pale nisilitaje.

DWS sasa. Walipanda daraja 1963. Msimu wao wa kwanza juu, 1963/64, wakabeba ubingwa. Tangu Eredivisie, ligi kuu ya Uholanzi, ianze 1956 hakuna timu nyingine iliyopanda na kuchukua kombe hapohapo. Golini Jongbloed huyohuyo. Beki Rinus Israël, ambaye baadaye akiwa Feyenoord aliifunga Celtic kwa kichwa kwenye fainali ya Ulaya ya 1970. Mbele Frans Geurtsen, mfungaji bora wa ligi, mabao 28. Kocha Mwingereza, Leslie Talbot. Wakaenda Kombe la Mabingwa wa Ulaya, wakawatoa Fenerbahçe, wakawatoa Lyn ya Norway, wakaja kukwama robo fainali kwa Győr ya Hungaria: sare 1-1 nyumbani, wakafungwa 1-0 ugenini.

Na Ajax walikuwa wapi? Msimu huo wa 1964/65 Ajax walimaliza wa 13, kushuka daraja wamekuona kwa macho. Kama ungeshuka melini Amsterdam Januari 1965 ukauliza timu ya mji ni ipi, wangekuelekeza kwa DWS. Lakini Januari hiyohiyo Ajax walimleta Michels awe kocha, na kikosini alishaanza kupenyezwa kijana wa miaka 17 anayeitwa Johan Cruyff. 1966 wakawa mabingwa. 1971, 1972 na 1973 wakachukua Kombe la Ulaya mara tatu mfululizo. Mzee mrefu alikuwa akifika hapa kwenye hadithi anageuka kutema mate.

Fikiria uko Blauw-Wit wakati huo. Umemaliza kuangalia timu yako ikihangaika na timu ya kijijini, ukitoka nje mtoto wako anataka kupelekwa kumuona Cruyff. Utamkatalia mara ngapi?

Ndipo 1972 DWS na Blauw-Wit wakaunganisha timu zao za kulipwa, mwenyekiti akiwa Dé Stoop. Kuungana ilikuwa ndiyo habari ya mjini Uholanzi kipindi kile: Twente 1965, Utrecht 1970, Den Haag 1971. De Volewijckers wakaingiza timu yao ya kulipwa 1974. Angalia vizuri nilivyoandika, timu za kulipwa. Nitarudi hapo.

Kimpira waliweza, tena vizuri. Chini ya kocha Pim van de Meent walishika nafasi ya tano 1973/74 na kupata tiketi ya Kombe la UEFA. Raundi ya kwanza Hibernians ya Malta, hao walikuwa wa kuhesabia mabao. Raundi ya pili Inter, ya kina Facchetti na Mazzola. Mechi ya kwanza San Siro, Oktoba 1974, Nico Jansen akapachika yote mawili. Marudiano Amsterdam, 0-0, Inter nje. Na kumbuka Inter hao walishafungwa na Ajax 2-0 kwenye fainali ya Ulaya ya 1972, mabao yote ya Cruyff. Miaka miwili na ushee, mji uleule, timu nyingine. Mwonyeshe jamaa yako hilo ukiwa unamenya mfupa. Raundi ya tatu wakaipiga Fortuna Düsseldorf nyumbani na ugenini. Robo fainali, 1975, Köln wakawakomesha: 5-1 kule, 3-2 huku.

Kibonge aliniambia usiku wa marudiano na Inter alikwenda. Alisimama palepale alipozoea kusimama enzi za Blauw-Wit. Mrefu naye alikwenda, akasimama upande wa watu wa DWS. Wametoka kazini pamoja, wamepanda tramu moja, langoni wameachana. Timu ni moja, imetoka kuifunga Inter, na wao wanaiangalia kutoka kona mbili.

Siku moja mvua ilitukatisha kazi (kakao haishushwi mvua ikinyesha, ikilowa imekwisha), tukakaa chini ya paa la ghala. Kibonge akatoa pochi, ndani yake kadi ya uanachama ya Blauw-Wit. Kona zimelika, bluu yake imepauka, picha ya pasipoti akiwa bado na nywele, mhuri umekata sikio. Nikamuuliza, na ya FC Amsterdam? Akacheka, hakuwahi kuchukua. Nikamgeukia mrefu. Naye hana.

Hapo ndipo penye ugonjwa, Kijana. Kilichounganishwa 1972 ni timu ya ligi. Klabu zenyewe za ridhaa hazikuunganishwa. DWS iliendelea kuwa DWS, ina wanachama wake, ina timu zake za watoto, na mpaka leo ipo, uwanja wake Spieringhorn upande wa magharibi wa mji, si mbali na bandari. Mzee mrefu siku ya mapumziko alikuwa na pa kwenda, na hapakuwa FC Amsterdam. Hiyo timu mpya ilichukua wachezaji kutoka kila nyumba, ikawaacha wenye nyumba wamekaa kwao.

Wakaachiwa uwanja unaobeba watu zaidi ya 60,000. Usiku wa Inter sawa. Jumapili ya kawaida ya ligi, umeingia na watu wachache kwenye duara kubwa la zege na njia ya mbio katikati yenu na wachezaji, unasikia kipa anavyogombana na beki wake. Nico Jansen akaenda Feyenoord. Jongbloed akahamia Roda 1977, na kutokea huko akaitwa tena, akacheza fainali yake ya pili ya Kombe la Dunia 1978. Mwaka huohuo FC Amsterdam ikashuka daraja. 1982 ikavunjwa. Miaka kumi, basi.

Moja la mwisho, na hili ndilo mzee mrefu alikuwa halimalizi bila kugonga benchi. Wakati FC Amsterdam inazama, kwenye timu za vijana za DWS alikuwepo mtoto mmoja, Ruud Gullit. Huyo wa Milan, huyo nahodha wa Uholanzi aliyeinua kombe la Ulaya 1988. Mzazi mmoja wa FC Amsterdam alikuwa naye ndani ya nyumba. 1978 akaondoka, akaenda kuanzia soka la kulipwa HFC Haarlem, mji wa pili tu kwa treni. Rafiki yake wa kucheza naye mtaani, Frank Rijkaard, akatokea Ajax.

Kijana wa Keko

Shikamoo mzee, nisamehe, nilikuwa na haraka ya supu. Nimekusoma mara mbili. Jamaa naye nimemtumia, amesoma, sasa anadai dau lilikuwa chai.

Mwalimu Ukonga

Mzee Baharia, shikamoo. Historia naikubali, hukumu naikataa.

FC Utrecht iliundwa 1970 kwa mtindo uleule: DOS, Velox na Elinkwijk. DOS walikuwa mabingwa wa nchi 1958, siyo timu ya kubezwa, na watu wake walikuwa na wivu wao kama hao wazee wako. Na ridhaa za huko nazo ziliendelea, Elinkwijk ipo. Lakini Utrecht haijawahi kushuka ligi kuu tangu izaliwe, na imechukua Kombe la Uholanzi 1985, 2003 na 2004. Twente, muungano mwingine, msimu huohuo wa 1974/75 ilifika fainali ya hilo Kombe la UEFA na kufungwa na Mönchengladbach. 2010 ikawa bingwa wa nchi. Kwa hiyo dawa ni ileile, mgonjwa mmoja kapona, mwingine kafa. Aliyeiua FC Amsterdam anaitwa Ajax, nukta.

Tena tuangalie hapa nyumbani. Cosmopolitan ilikuwa bingwa wa nchi 1967. Pan African, iliyotokana na mgogoro wa Yanga, ikawa bingwa 1982. Zote za Dar. Hazikuungana na mtu, na zote zimebaki kusimuliwa na watu wa umri wetu. Ukiishi mji mmoja na wakubwa wa Kariakoo, uungane usiungane, kivuli kinakufikia.

Na hao DWS waliopanda na kuchukua ubingwa, sisi tunao wetu, Tukuyu Stars, 1986. Vijana wa kijiweni wanasema haijawahi kutokea. Imetokea, tena kwa timu ya Rungwe.

Binti Msimbazi

Mwalimu umesema "wakubwa wa Kariakoo" kwa wingi, nitakusamehe kwa sababu ya Tukuyu.

Baharia, na mimi nina swali la kweli leo. Hiyo Haarlem alikoenda Gullit mbona nayo siioni kwenye mkeka?

Baharia wa Kigamboni

Mwalimu marahaba. Tofauti ya Utrecht naiona hivi. Mtu wa Velox akinuna, akasema hii timu mpya siitaki, ligi kuu ataitazama wapi? Mji wake hauna nyingine. Atanuna msimu mmoja, wa pili atarudi. Mtu wa Blauw-Wit akinuna, dakika chache kwa tramu yuko kwa mabingwa wa Ulaya. Ajax walikuwa mlango ulio wazi, hapo tuko pamoja. Ila 1972 ndiyo iliyowapa watu sababu ya kunyanyuka kwenye kiti. Kabla ya hapo mtu alibaki Blauw-Wit hata ikifungwa, kwa sababu babake alikuwa Blauw-Wit. Ukishamwambia kuanzia Agosti hakuna Blauw-Wit kwenye ligi, kuna kitu kingine chenye jina la mji, umeshamfungua kamba. Pan na Cosmo hazikuwafungua watu wao kamba, ndiyo maana mpaka leo ukikaa Ilala utampata mzee wa Cosmo anayejitambulisha hivyo. Nionyeshe mtu Amsterdam anayejitambulisha kwa FC Amsterdam. Nilikaa na wapakuaji wengi, sikumpata.

Binti, Haarlem ni habari nzito. Klabu ya 1889, bingwa wa nchi 1946. Gullit alianza kucheza hapo akiwa na miaka 16 chini ya kocha Barry Hughes. Wakashuka, wakapanda, na 1982 wakamaliza nafasi ya nne, wakapata Kombe la UEFA. Mwaka FC Amsterdam inavunjwa, jirani yake mdogo anakwenda Ulaya. Gullit akauzwa Feyenoord majira hayohayo. Oktoba 20 wakacheza Moscow na Spartak, uwanja wa Luzhniki, baridi kali, barafu kwenye ngazi. Watu walikusanywa upande mmoja wa majukwaa. Mwishoni mwa mchezo, wengine wanatoka, Spartak wakafunga bao la pili, ngazini ikatokea kukanyagana. Hesabu rasmi ya waliokufa ni 66. Wachezaji wa Haarlem walirudi kwao hawajui kilichotokea. Serikali ya Urusi ya wakati ule ilikaa kimya kwa miaka, ukweli ukaja kutoka 1989.

Klabu ikaendelea kwa shida, haikufika tena pale. Januari 2010 ikafilisika katikati ya msimu na matokeo yake yote yakafutwa kwenye msimamo. Ndiyo maana huioni kwenye mkeka wako.

Mtoto wa Buguruni

Yaani unafuta na matokeo? Aliyewafunga 5 anapoteza mabao yake?

Baharia wa Kigamboni

Anapoteza. Wanahesabu utadhani hamkukutana.

Kijana wa Keko

Wazee, mmenipa kazi. Ngoja niweke pendekezo letu lilivyo, mnishauri kabla ya kikao.

Timu zetu mbili ziko mtaa kwa mtaa, mmoja upande huu wa barabara, mwingine ule. Uwanja tunaotumia ni mmoja, tunapeana zamu. Rasimu inasema: timu ya wakubwa iwe moja, jina jipya, jezi mpya. Timu za watoto zibaki mbili na majina ya zamani, ili wazee wasikasirike. Kila upande ubaki na kamati yake na mfuko wake, kisha kila mfuko uchangie nusu ya gharama za ligi. Tuliona hii ndiyo njia ya amani.

Mwalimu Ukonga

Nusu kwa nusu kwenye makaratasi. Mechi ya tatu mmoja atasema wachezaji wake wanaoanza ni wanne tu, kwa nini alipe nusu.

Baharia wa Kigamboni

Kijana, hiyo rasimu ni 1972 nzimanzima. Wakubwa mmewatoa, watoto mmewaacha nyumba mbili, mifuko miwili, kamati mbili. Straika wenu wa kesho yuko kwenye hizo timu za watoto, na siku akiiva hakuna atakayekuwa na haraka ya kuwapa. Atamficha mpaka mtu wa Temeke aje amchukue.

Mimi ningeanzia kwa watoto. Waungane wao kwanza, wacheze jezi moja msimu mzima, mama zao wakae upande mmoja wa uwanja kuwashangilia. Wakubwa waacheni kama walivyo, washindwe kila mtu kivyake mwaka mmoja zaidi, hakuna atakayekufa. Daftari la wanachama liwe moja, na kila mtu aandikwe upya, hata mwenyekiti, alipe ada yake mbele ya watu na apewe kadi. Asiyetaka kuandikwa upya mtamjua leo, si siku ya fainali.

Jina nalo, msiweke jina la wilaya. Jina kubwa halina mwenyewe. Chukueni la upande mmoja na rangi za upande mwingine, wagombane mwezi mmoja kisha wazoee.

Binti Msimbazi

Rangi iwe nyekundu.

Kijana wa Keko

Binti, upande wa pili wote ni Yanga, usinitafutie vita.

Mzee, la watoto kwanza sikuwa nimelifikiria, ila wajumbe wetu wanataka ligi ya mwaka huu. Dirisha la usajili la wilaya halitungoji. Nitalisema Jumamosi, niwaone watakavyolipokea. Kuna mwenye katiba ya mfano? Tunatakiwa kwenda kwa msajili wa vyama vya michezo na tuliyo nayo imeandikwa kwa mkono, kurasa mbili, na ya pili ina hesabu za mipira.

Mtoto wa Buguruni

Ninayo ya timu yetu, ilishapita kwa msajili bila kurudishwa. Kifungu cha wanachama kiko vizuri, cha mali mtakirekebisha maana sisi tuna frem ya duka. Niandikie inboksi, kesho nikitoka kazini naipiga picha kurasa zote nakutumia.